Mama Yuko Naye

Sababu ya safari hii ilikuwa neno moja, na neno lenyewe ndilo jina langu. Tangu nijifungue mtoto wangu wa kwanza, hakuna anayeniita jina la ubatizo. Kigoma nilikozaliwa, Durban ninakosuka watu nywele, kanisani, sokoni, kote mimi ni Mama Amani. Kwa hiyo ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu kutoka India ukisema, “Usiogope, Mama yuko naye,” nilijikuta nimekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele bila hata kumwomba mteja radhi. Mama Amani nilikuwa hapa Durban, mikono imejaa mafuta ya nywele. Huyo aliyekuwa na mwanangu kule alikuwa nani?

Amani anasomea uhandisi Rajkot, katika jimbo la Gujarat. Wakati wa mvua alipakiwa na mwenzake kwenye pikipiki, wakateleza barabarani katikati ya mashamba ya karanga. Mwenzake alitoka na mikwaruzo. Amani alivunjika mguu, akatiwa vyuma hospitalini na kufungwa hogo la plasta kutoka pajani hadi unyayoni, na simu yake ikasagika. Chumba chake cha hosteli kiko ghorofa ya nne, lifti hakuna. Wakulima waliomwokota barabarani wakasema basi, akapone kwao kijijini. Mwalimu wa shule ya msingi anayeishi nyumbani kwa wakulima hao, jina lake Mansukh, ndiye aliyekuwa akiniandikia kwa Kiingereza.

Ujumbe wake ulikuwa mfupi na kila mmoja ulinitoboa. “Mama anamlisha kwa mkono.” “Mama hajalala.” “Mami anampikia wali laini na dengu.” Huyo Mami ndiye aliyenimaliza kabisa. Nilimsomea Maman Espérance, mwenye saluni, Mkongo wa Uvira ambaye hana siri wala subira.

“Mamie ni grand-mère, ni bibi,” akasema, kitana kiko mdomoni. “Sasa iko mama, iko na grand-mère. Eish! Famille nzima ya banamuke. Batakunyanganya mutoto, weye uko hapa unasuka tu.”

“Wamemsaidia, Maman Espérance.”

“Banamusaidia, ndiyo. Na binti wa kuoza iko wapi? Uliza.”

Sikuuliza. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akisema naweza kuliona jeneza kwenye kikohozi. Niliogopea mguu kwanza, kisha nikaogopea moyo. Ujumbe mmoja ulisema kwamba Mama humwogesha Amani kila siku, na mwalimu alimtaja huyo Mama kwa “he”. Nikaona, nikapita. Sisi tuliolelewa na Kiswahili tunaujua ugonjwa huo. Yeye wetu ni mmoja kwa mume na mke, na mimi baada ya miaka yote hii Durban bado namwita mteja wangu “he”, mwenyewe amekaa mbele yangu na gauni. Nikasema kumbe hata mwalimu Kiingereza kinamshinda. Chini ya saluni yetu kuna Mhindi anayeuza vitambaa. Ningemwonyesha simu tu, angenieleza yote pale pale kaunta. Lakini mwenye wivu hatafuti maelezo, anatafuta ushahidi.

Kisha nikampata Amani mwenyewe kwa simu ya mwalimu. Sauti ilikuwa nzito kwa dawa za maumivu. “Usijali, mama,” akasema. “Mama yuko hapa. Ananigeuza, ananiogesha, ananiangalia vizuri sana. Mama hataki niondoke.” Mtandao ukakatika. Nikakata tiketi ya kwenda ya mtu mmoja, na ya kurudi ya watu wawili.

Siku ya kuondoka Durban mvua ilikuwa ya manyunyu. Binti yangu Neema, ambaye mwaka huu ana mtihani wa matric wa kumaliza sekondari, nilimwacha kwa Maman Espérance. Mume wa Maman Espérance alinipeleka uwanja wa ndege kwa gari lake, na kila robot, taa za barabarani za kwetu Durban, ilitukuta nyekundu. Kwenye begi nilikuwa na kanga mbili za zawadi, mafuta ya nywele ya Amani, na dagaa wakavu wa Kigoma niliowafunga mifuko mitatu ili wasinuke. Nilijiambia huyo Mama amlishe atakavyo, dagaa wa kwetu hanao.

Dubai sikuiona. Nilikaa mbele ya mlango wa ndege nyingine, pasipoti mkononi, nikiogopa hata kwenda msalani nisije nikaachwa. Mama mmoja wa Kihindi aliyekaa karibu yangu alinimegea chapati yenye majani ya kijani. Niliila, nikamshukuru, na moyoni nikamshuku hata huyo.

Ahmedabad nilifika alfajiri. Joto lilikuwa la Kigoma kabla ya mvua, na pikipiki zilikuwa nyingi kuliko watu. Nikapanda basi la Rajkot. Njia nzima nilikuwa dirishani: pamba, karanga, nyati weusi waliolala kwenye madimbwi na ndege weupe mgongoni mwao, wanawake wenye skuta waliofunika nyuso kwa mitandio wasichomwe na jua. Mabango yote yameandikwa kwa maandishi yao ya mviringo, nami niliyatazama kama ninavyotazama msuko wa saluni nyingine, naona kuna ustadi lakini sioni unapoanzia. Kila basi liliposimama nilimwuliza kondakta, “Rajkot?” Mwishowe akawa ananijibu kabla sijafungua mdomo.

Kituoni Rajkot hapakuwa na mtu wa kunipokea. Nilipiga simu, haikuingia. Nikapiga tena. Nikaanza kujiuliza kama huyo mwalimu yupo kweli duniani, na kama sauti niliyoisikia ilikuwa ya mwanangu au ya mtoto wa mtu mwingine. Nilikuwa nimeshatokwa na machozi alipotokea kijana mwembamba wa miwani, shati limechomekewa, anahema.

“Wewe ni mama mzazi wa Amani,” akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, na hakuwa anauliza. “Nisamehe. Barabara imejaa maji.” Kisha akanionyesha pikipiki yake.

Nilimwangalia kama mtu aliyenitukana. “Pikipiki, mwalimu? Pikipiki?”

Akaelewa. Akaenda kutafuta gari la matairi matatu la kubebea mboga, akaacha pikipiki kwa jamaa yake, tukapanda nyuma pamoja na magunia ya vitunguu.

“Mama alitaka kuja mwenyewe kukupokea,” akasema tulipotoka mjini. “Lakini hakubali kumwacha Amani peke yake.”

“Kumbe.”

“Anampenda sana.”

“Nimesoma,” nikasema. Njia iliyobaki nilipanga hotuba yangu. Ningeshukuru kwanza, kwa sababu nimelelewa vizuri. Kisha ningesema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi ndiye niliyemzaa, na tiketi yake ninayo.

Mchana tulifika kijijini. Nyumba ilikuwa ya ua mpana, zizi upande mmoja, trekta upande wa pili, karanga zimeanikwa penye jua. Mwanamke wa makamo mwenye sari ya kijani alitoka na bilauri ya maji kwenye sinia, akanipa kwa mikono miwili. Hakuwa mrembo wala mkali. Nikanywa, nikarudisha bilauri, nikasimama wima, nikamwaga hotuba yote. Nilipofika kwenye uchungu wa mwana nilijipiga kifua, nikaendelea hadi mwisho. Yule mwanamke alinisikiliza kwa tabasamu bila kuelewa neno hata moja. Mansukh alikuwa amekunja uso.

“Lakini huyu ni Mami,” akasema. “Mama yuko ndani.”

Nikaingia bila kungoja kukaribishwa. Amani alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu umeegemezwa juu ya gunia la pamba. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa maangavu. Nyuma yake alikaa mzee mmoja wa miraba minne, kilemba cheupe, masharubu yaliyopinda kama pembe. Mkononi alikuwa na kitana kidogo chenye meno membamba, cha nywele za Kihindi, na alikuwa akipambana na nywele za mwanangu kwa jitihada na upole, jasho linamtoka. Kitana kilikuwa kimeshavunjika meno mawili.

“Mama!” Amani akaita.

“Naam, mwanangu!” nikaitika.

“Ha, dikra!” akaitika yule mzee.

Tukatazamana. Amani akaanza kucheka hadi akashika mbavu, na mimi nikasimama katikati ya chumba nikiwa sijui nilie au nimkumbatie nani kwanza.

Jioni ile, chai mkononi, Mansukh alinieleza. Kwa Kigujarati mama si mama. Mama ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi, na mke wake ndiye mami. Yule mzee, Bhikhabhai, ni mjomba wake Mansukh, kwa hiyo mwalimu humwita Mama tangu utotoni, na humwandika hivyo hivyo. Na ile “he” aliiandika kwa makusudi kamili. Kiingereza chake hakikuwa na kasoro. Siku ya ajali walipombeba Amani kwenye trekta, homa na maumivu vilimzidi, akawa analia, “Mama! Mama! Mama!” Wote waliokuwapo walielewa kwamba kijana mgeni anamwita mjomba wake.

“Sisi tulimwambia Amani, mama yako hayupo hapa,” akasema Mansukh. “Lakini Bhikha Mama akasema, mtoto akiita Mama njiani, ni lazima mtu aitike. Akapanda trekta, akamshika kichwa, akasema, nipo, nimekuja. Tangu siku hiyo hajaacha kuitika.”

Bhikhabhai alikuwa akitutazama tu, akijua anazungumzwa. Mimi niliona haya kwa hotuba yangu. Nilitaka kusema neno zuri, nikainama kidogo, nikasema kwa Kiswahili changu chote, “Asante sana, kaka.”

Masharubu yakasimama. “Kaka nahi!” akasema, akapiga goti lake kwa kiganja. “Mama!”

Mansukh akacheka. Kaka kwao ni baba mdogo, mtu wa upande wa baba. Nilikuwa nimemhamisha ukoo. Nikajitetea haraka, nikijigusa kifua, “Basi mimi dada. Dada yako. Dada!” Mami akaziba mdomo kwa sari yake, mabega yanatikisika. Dada kwao ni babu, baba mzaa baba. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza katika nyumba ile nilifika nikiwa mama, jioni nikawa babu mwenye masharubu. Mwishowe Mansukh akatupanga upya: ikiwa yeye ni mama wa Amani, basi wewe ni dada yake, na neno lake ni ben. Bhikhabhai akalijaribu. “Ben,” akaniita, kwa sauti ya chini. Nikaomba nimwonyeshe namna ya kuchana nywele za Amani.

Asubuhi iliyofuata nikaharibu tena. Nilifungua begi nimpikie mwanangu dagaa. Mfuko wa tatu ulipofunguka, Mami akarudi nyuma hadi ukutani. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza: nyumba ile samaki hawaingii, nyama haiingii, yai haliingii, tangu enzi za mababu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikafunga mifuko, nikataka kwenda kuitupa, na Amani, ambaye hakuwa amelalamika tangu nifike, akasema polepole, “Hata wachache tu, mama.” Aliniambia mimi, lakini Bhikhabhai alisikia “mama”, jina lake.

Akamwuliza Mansukh. Wakajibizana kwa muda mrefu, na Mami akaingilia kwa maneno makali mara mbili. Kisha yule mzee akachukua sufuria kuukuu iliyokuwa ya kuchanganyia dawa ya pamba, akaisugua kwa majivu na mchanga hadi nikamsihi aache, akanipeleka mbali nyuma ya shamba, kwenye mpaka. Akaweka mawe matatu, akakusanya vijiti, akawasha moto. Kisha akaenda kukaa upande upepo unakotokea, amejiziba pua kwa ncha ya kilemba, akiwafukuza mbwa. Nilipika dagaa na nyanya huku machozi yananitoka, na si kwa moshi peke yake. Amani alikula nje, akiwa amebebwa pamoja na kitanda chake. Mami hakunisemesha hadi jioni. Jioni akaniletea samli nipake mikono niliyoiunguza kwenye moto ule.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hiyo ilipofika niliamka mapema nikashika ufagio, niwaonyeshe kwamba nami nimefundwa. Mami akanipokonya. Nikashika ndoo, akanipokonya. “Mwambie,” nikamwomba Mansukh, “kwetu mgeni asiyefanya kazi anasemwa.” Mami akajibu kirefu, mikono kiunoni. Mansukh akanifupishia: mwanamke hufagia kwake alikoolewa, lakini akija nyumbani kwa ndugu yake wa kiume, hukaa akapumzika.

Nikakaa. Kwetu tulizaliwa wasichana watupu, watano. Sijawahi kuwa na nyumba ya kaka ya kwenda kupumzika. Watoto wangu mimi wamekua bila mtu wa kumwita mjomba, na penye sherehe, pale mjomba anapotakiwa kusimama, tulizoea kuazima mzee wa kanisani. Nilimweleza Mansukh hayo, naye akamtafsiria Bhikhabhai. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akainuka akaenda kumgeuza Amani, kwa sababu saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.

Siku ya kwenda kwa daktari tulimbeba pamoja, mimi bega moja na yeye bega la pili, hadi kwenye gari la kukodi. Mjini, katika kliniki iliyojaa, daktari alitazama picha ya mfupa akasema unaunga vizuri. Nikatoa tiketi. Akaniangalia kwa juu ya miwani. Safari ndefu ya ndege kwa mguu uliofungwa hivyo, alisema, damu inaweza kuganda, ikapanda kwenye mapafu. “Akitolewa hogo, akianza kutembea, mchukue. Sasa hivi, hapana.”

Njia ya kurudi kijijini nilikuwa nikipiga hesabu. Mimi kukaa nisingeweza. Neema alikuwa na mtihani, na mtoto wa kike kukaa mjini bila mama yake ni wasiwasi mwingine kabisa. Nilikuwa nimevuka bahari kumchukua mwanangu, na sasa nilitakiwa kumwacha kwa watu ambao hata salamu yao siijui sawasawa. Niliyaona yote kwa mpigo: homa imerudi usiku, mguu umevimba, simu haiingii. Niliona kikohozi, nikaliona jeneza.

“Nitabaki,” nikamwambia Amani. “Neema atajua la kufanya.”

“Mama,” akasema, akanishika mkono. “Nenda tu. Mama yupo.”

Alisema hivyo bila mzaha. Nilikuwa nimelisoma neno lile Durban likanichoma kama pasi ya nywele, na sasa nililisikia kwa mdomo wake nikaanza kupumua. Nililia hata hivyo. Nililia usoni pake, kama mtu asiye na aibu, na yeye akaniacha nilie.

Asubuhi ya kuondoka, Mami aliniletea sari nyekundu yenye pindo la dhahabu, imekunjwa juu ya sinia, na nazi juu yake. Nikarudi nyuma, nikasema ni nyingi mno, mimi ndiye mwenye deni. Mansukh akanisogelea. “Usikatae. Dada haondoki nyumbani kwa ndugu yake mikono mitupu. Watu watamsema yeye.”

Bhikhabhai alisimama mlangoni. Nikampa kanga, ile ya pili nilikuwa nimeshampa Mami, akaitundika shingoni pale pale juu ya nguo zake za shamba. Kisha akasema, “Aavjo, ben.” Hilo nilikuwa nimeshajifunza. Kwao anayeondoka haambiwi nenda, huambiwa njoo. Nikageuka kumwangalia Amani kwenye kitanda chake cha kamba. Aliinua mkono mmoja, na mwingine ulikuwa umeshikilia shati la mzee.

Rajkot, Ahmedabad, Dubai, nilizipita nikiwa na simu mkononi. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, nikakiwekea mkoba. Siwezi kusema nilirudi na amani moyoni. Wasiwasi ni wangu, nimezaliwa nao, na hadi leo nikiamka hupiga simu kijijini kabla sijanywa maji. Lakini nimejifunza kwamba niliondoka kwenda kumgombania mwanangu na mwanamke ambaye hakuwapo, na nusura nimtukane mwanamume aliyekuwapo. Na nimejifunza kusoma neno hadi mwisho, hasa neno ninalodhani ni langu peke yangu.

Durban, Jumatatu, Maman Espérance alinikuta nimeshafungua saluni. Akatazama nyuma yangu, akatazama mlangoni.

“Na mutoto? Umemuacha na nani kule?”

“Kwa mjomba wake.”

Akaweka mkoba chini taratibu. “Mujomba? Weye uko na kaka tangu lini?”

“Tangu Amani alipomwita,” nikamjibu, “naye akaitika.”